Mnara wa Kilima cha Mama

Taa ya kijani, ile inayowaka mtu akiongea, haikuwaka. Akimana aliliona hilo kabla ya jambo jingine lolote. Redio ya mawasiliano mkononi mwake ilikuwa kimya, na ya dereva Badru, pale pale kwenye ua wa ghala la Kibondo, ilikuwa inapiga domo.

"Betri imekufa?" Badru aliuliza.

"Nimeichaji."

Mjomba wake Stanislaus, mnunuzi wa maharage, alitaka malori yake yaongee toka Kibondo hadi Kasulu bila kutegemea simu. Mnara wa kati haukupata mahali pazuri kuliko kilima cha mama yake Akimana, kule Kumsenga. Mjomba alikuja na mtungi wa pombe ya ndizi. "Dada, nipe kilima. Mwipwa wangu Akimana ndiye atakayekaa mezani Kasulu kuwaita madereva." Kule kwao ardhi hutolewa mbele ya majirani, lakini mama aliona aibu kumwitia mashahidi kaka yake wa tumbo moja. Wakanywa wawili tu, mapatano yakaishia hapo.

Fundi Makarius akamfundisha Akimana kazi. Mtambo hujitafutia wenyewe njia iliyo wazi, na kila kundi husikiana lenyewe kwa lenyewe: madereva, ghala, walinzi. Ukibonyeza kitufe chekundu, unasikika kwa wote. Akimana, ambaye mbele za watu maneno humkwama kooni, alishangaa kusikia sauti yake redioni inatoka safi.

Sasa alimwendea Makarius na ile redio bubu.

"Umehamishiwa kundi la walinzi," fundi alisema, macho kwenye waya aliokuwa anaukunja. "Utalinda mnara. Mezani atakaa Sophie."

Sophie, binti wa mjomba.

"Tangu lini?"

"Mjomba wako aliagiza wiki iliyopita."

"Na jana ulikuwa unanifundisha nini?"

Makarius akaendelea kukunja waya.

"Walinzi tuko wangapi?"

"Wewe."

Badru akaangua kicheko. "Hongera, kamanda! Utaongea na mbuzi!"

Akimana akazunguka nyuma ya lori. Akabonyeza kile kitufe chekundu. Redio ya Badru ikakohoa, na kicheko chake kikakatika.

"Ni Akimana. Mjomba, najua unanisikia huko Kasulu. Ulimwahidi mama ile meza, akakupa kilima. Umetudanganya. Siku ile hatukuita mashahidi. Leo wote wananisikia. Njoo ung'oe mnara wako."