Chini Hakai Mtu

Sheria ya Anti Kulwant ilikuwa moja tu: mtu mwenye sare akigonga mlango, chini hakai mtu.

"Mkaguzi wa manispaa akija, nyinyi hampo," alituambia siku tunahamia, akitumiminia chai. "Akiwaona anaifunga nyumba, maana chini hapana kibali cha kupangisha, na nyinyi mnapelekwa uhamiaji. Mmenielewa, wanangu?"

Tulimwelewa vizuri sana. Hilo la uhamiaji lilikuwa uongo, nilikuja kujua baadaye, lakini nani angemuuliza? Tulikuwa wasichana wawili kutoka Punjab, mimi Ravneet na Gurnoor, binti wa shangazi yangu, kila mmoja na visa yake ya masomo na begi lake moja. Mwenye nyumba alikuwa mama wa kwetu, anatuita wanangu. Tukanywa chai, tukashukuru.

Chumba kilikuwa chini ya nyumba, hapo Brampton, Kanada, na ngazi zake zilitokea jikoni kwa Anti, hatua mbili kutoka kwenye jiko. Mlango mwingine hapakuwa. Dirisha lilikuwa dogo, limebanwa juu kabisa ukutani, na ilipofika Desemba theluji ililifukia lote. Mimi moto nauogopa, sioni haya kusema. Usiku wa kwanza nililala macho nikijiuliza, jiko likishika moto, sisi tunatokea wapi?

Kingine kilichonikera ni king'ora cha moshi. Anti alikuwa amekivalisha kofia ya plastiki, ile ya kuogea, kwa sababu kila akikaanga bizari na pilipili kilipiga kelele mpaka majirani wakatoka nje. Nilikivua kofia. Kesho yake nikaikuta imerudi. Nikaivua tena.

"Mama Zimamoto," Gurnoor alinicheka, "utatufukuzisha. Humu tutakufa kwa baridi kabla moto haujatufikia."

Basi nikaiacha. Woga wangu ulikuwa wa maneno tu, nikichekwa kidogo nanywea.

Mkaguzi alikuja kweli, Novemba. Tulisikia buti zake jikoni na sauti nzito ikiuliza nani anaishi chini. Mimi ndiye niliyemvuta Gurnoor nyuma ya mashine ya kupasha nyumba joto, kwenye kikabati cha mabomba kilichofichwa na pazia. Tukajifungia, tumekumbatiana, tumeziba midomo. Mkaguzi akashuka, akatazama, akaondoka. Tulitoka tukicheka mpaka machozi, na nilijisifu kwa kukigundua kile kikabati. Nikamfundisha Gurnoor kabisa: ukisikia buti, usifikiri, ingia. Wakiita, usijibu.

Gurnoor alifanya kazi ya usiku kwenye ghala, kwa hiyo mchana alilala. Mimi nilikuwa chuoni mpaka saa nane.

Lohri, sikukuu yetu ya moto ya mwezi Januari, mwaka huo ilikuwa ya kwanza kwa mjukuu wa Anti, na jioni wageni wangekuja kuota moto uani na kuurushia ufuta na karanga. Anti alianza kukaanga bajia tangu asubuhi. Nilipotoka nilimkuta na karai kubwa, mafuta yamejaa.

"Wahi kurudi," aliniambia. "Leo mtakula juu, na sisi."

Niliposhuka kwenye basi nikaona magari ya zimamoto. Nilijua ni kwetu kabla sijakunja kona. Miguu ilikimbia yenyewe.

Moshi mweusi ulikuwa unatoka kwenye mlango wa mbele. Anti alisimama barabarani na ndara zake kwenye theluji, mkono kifuani, mkwewe pembeni amembeba mjukuu, naye Anti akiongea na zimamoto mrefu mwenye ndevu nyekundu. Karai lilikuwa limeshika moto. Anti alimwagia maji, moto ukaruka mpaka darini, naye kwa kiwewe akafungua mlango wa karibu na kulisukumia karai huko. Mlango wa karibu ulikuwa wa ngazi zetu.

"Mama, nauliza tena," yule mrefu alisema. "Chini kuna mtu?"

"Hakuna, hakuna. Chini ni stoo tu."

Akanigeukia mimi. "Na wewe dada, unakaa hapa?"

Anti alinikamata mkono juu ya kiganja, akaubana. Na mimi, niliyekosa usingizi miezi mitano kwa kuuogopa moto, nilinyamaza. Niliona uwanja wa ndege, nikamwona baba amesimama kutupokea bila kusema neno. Nilinyamaza kwa muda wa pumzi moja, labda mbili. Mpaka leo nazihesabu pumzi hizo.

Kisha nikaunyakua mkono wangu. "Yupo! Binti wa shangazi yangu amelala chini!"

"Tumeshashuka," alisema. "Tumegonga, tumeita. Kitanda ni kitupu. Labda ametoka."

Hapo ndipo nilipoelewa. Amesikia buti. Ameamka na kusikia buti na sauti za wanaume, akafanya nilivyomfundisha.

"Nyuma ya mashine ya joto!" Nilimshika koti lake kwa mikono miwili. "Kuna pazia, nyuma yake kikabati. Amejifungia. Hatawajibu, kaka, hata mkimwita mpaka kesho hatawajibu. Amejificha!"

"Anamkimbia nani?"

"Nyinyi!"

Alinitazama nusu sekunde, akavuta kinyago chake usoni, akaingia. Wawili wakamfuata.

Sikuweza kusimama tu nikingoja. Nilizunguka ubavuni mwa nyumba, nikapiga magoti na kuanza kufukua theluji dirishani kwa mikono mitupu. Kioo kilikuwa cheusi kwa ndani. Nikakipiga ngumi, nikapiga kelele kwa lugha yetu.

"Noor! Toka! Si mkaguzi! Noor, mjibu, mwambie upo!"

Nililia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni, na sikujali nani ananiona. Anti alinifuata, akawa amesimama nyuma yangu.

"Naapa kwa Guru, nilisahau kama yupo," alikuwa akisema. "Mwanangu, mdomo ulijibu wenyewe."

Niliendelea kufukua. Nadhani alisema kweli, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Walimtoa kwa mlango wa mbele. Yule mrefu alikuwa amembeba begani, miguu yake mitupu ikining'inia, soksi moja tu. Uso ulikuwa na masizi. Walimlaza kwenye kitanda cha gari la wagonjwa, wakamfunika kinyago cha hewa, na kwa muda mrefu sikuona kifua chake kikipanda. Kisha akakohoa. Akakohoa tena, vibaya, mwili mzima ukijikunja, na sijawahi kusikia sauti tamu kuliko ile.

Waliniruhusu nipande naye. Yule mwenye ndevu alikuja mlangoni na karatasi, akauliza chini wanaishi wangapi. Anti alikuwa palepale, ananitazama.

"Wawili," nilisema. "Mimi na huyu."

Gari lilipoondoka Gurnoor alikisogeza kinyago. Nikainama karibu naye.

"Noor, moshi hukuusikia?" nilimuuliza. "Harufu yake hukuisikia?"

"Niliisikia." Sauti yake ilikuwa imekauka.

"Sasa mbona hukutoka?"

"Nilisikia buti, Ravi." Alifumba macho. "Nikasema nivumilie kidogo, wataondoka."

Muuguzi alimrudishia kinyago. Mimi nikaanza kutetemeka, mabega, meno, kila kitu, naye akadhani ni baridi, akanifunika blanketi.