Shimo la Baba na Dunia ya Karatasi

Mwalimu Janeth alipoingia darasa la tatu na sufuria ya uji, watoto walidhani wanagawiwa chakula. Wakapiga makofi. Kumbe uji wenyewe ni wa unga wa ngano, mzito, wa kubandikia karatasi.

"Atakayeulamba atanata midomo mpaka likizo," mwalimu akaonya. Lakini Amne, aliyekaa dawati moja na Dorika, alikuwa ameshaulamba.

"Kitendawili!" mwalimu akaita.

"Tega!"

"Ana nguo juu ya nguo, ukimvua unalia wewe."

"Kitunguu!" Darasa zima. Mtoto wa Iramba hashindwi hapo, kitunguu kamenya kabla ya kujua kusoma.

Basi mwalimu akawaambia dunia nayo ni hivyohivyo, nguo juu ya nguo. Wakakata karatasi za mviringo, kubwa na ndogo, kutoka kwenye kalenda kuukuu na mifuko ya saruji. Ya katikati kabisa waliipaka binzari ikawa njano: kiini cha ndani. Ikafuata ya rangi ya chungwa, kiini cha nje. Kisha nyekundu, pana, wakaambiwa ni koti la dunia, nao wakacheka kwamba dunia inasikia baridi. Juu kabisa, pembeni, wakabandika utepe wa kahawia upana wa dole gumba. Hilo ndilo ganda, tunalolilimia na kujengea nyumba.

"Ukishuka chini joto linazidi," mwalimu akasema. "Ukilivuka ganda unakutana na mawe yanayowaka. Na ukifika kwenye njano, hapo joto ni la kuyeyusha hata chuma."

Dorika akaitazama karatasi yake. Ganda lilikuwa dole gumba tu.

Baba yake, Gerald, alikuwa mchimbaji wa dhahabu kule Sekenke. Walikuwa wanaume watano kwenye shimo moja, au duara, kama wanavyoliita wenyewe. Jioni ile alirudi amejaa vumbi mpaka kwenye kope, akaketi kwenye kigoda, akamwambia mama yake, Bibi Rebeka, habari za kazi. Mama yake Dorika alikuwa Kiomboi akimwuguza dada yake, kwa hiyo nyumba ilikuwa ya bibi.

"Udongo tumeumaliza, mama. Leo tumeingia kwenye mwamba. Na joto la huko chini, we acha tu, kama umekaa ndani ya tanuri."

Dorika alikuwa anachambua mchicha. Mkono ukasimama.

"Baba, mtachimba mpaka wapi?"

"Mpaka tuone njano, mwanangu." Akacheka. "Tukiiona njano, hapo ndipo tutapumzika."

Usingizi ulimpaa. Udongo umekwisha, mwamba umeanza, joto limeshakuwa la tanuri, na baba anaitafuta njano, iliyo katikati kabisa, ng'ambo ya moto wote. Mtu mzima hawezi kuwa hajui hilo. Au pengine hajui, maana hakufundishwa na Mwalimu Janeth.

Sasa kwenye duara lile kamba ilikuwa na adabu zake. Ni kamba ya manila, nene kama kiganja cha mtoto, ndiyo inayoshusha watu na kuwapandisha. Hailali shimoni. Inalala kwa mshika-kamba, imetundikwa ukutani, hairukwi, haiazimwi kwa mtu, hata wa kufunga ng'ombe. Asubuhi kila mmoja anaivuta kwa mikono yake kabla ya kushuka. Mshika-kamba ni mtu aliyekabidhiwa roho za wenzake, na mwaka ule alikuwa Gerald.

Jogoo wa kwanza hajamaliza kuwika, Dorika aliishusha ile kamba msumarini, akaiburuta mpaka zizi la mbuzi, akaifukia chini ya majani makavu. Pasipo kamba hakuna kushuka. Alirudi kulala akiwa na raha kuliko siku zote.

Gerald alipoamka akakuta msumari mtupu, akapeleka habari, na kabla ya saa mbili asubuhi wanaume walijaa uani. Mbele alikuwa Laurian, mkuu wa duara, mtu wa maneno machache, na nyuma yake Miraji, ambaye ya kwake yalikuwa mengi.

"Kamba haina miguu, Gerald," Miraji akasema. "Imekwenda duara la nani? Sema tu, tukaombe na sisi tuchimbe kwao."

"Miraji, nakuheshimu."

"Usiniheshimu mimi, iheshimu kamba!"

Laurian akainua mkono, wakanyamaza. "Sikuiti mwizi," akamwambia Gerald. "Lakini kamba iliyolala pasipojulikana, mimi siwezi kumshushia mtoto wa mwenzangu. Tafuta. Kesho asubuhi kama haipo, wewe tafuta duara lingine."

Siku ile ilikuwa sikukuu, hakuna shule, na Dorika alisikia yote akiwa nyuma ya mlango, akataka kuruka kwa furaha. Baba amefukuzwa! Atalima alizeti kama baba yake Amne, alizeti haina moto.

Furaha ile haikufika hata mchana. Gerald aliukung'uta ua mzima, akatazama mpaka juu ya paa, akaja kuketi karibu na mama yake.

"Basi, mama. Nitakwenda kwenye yale mashimo ya zamani. Kule hawaulizi mtu."

"Yale ya tangu wakoloni?" Bibi akauliza. "Si ndiyo marefu kuliko haya?"

"Marefu, ndiyo. Lakini nitafanyaje?"

Bibi akageuka kutazama zizi. Alikuwa amekwisha kuona mambo mawili: mbuzi wamekataa kuingia kona moja ya zizi, na mjukuu wake leo hajaomba uji mara ya pili.

"Mke mwenzangu, hebu njoo. Kitendawili."

"Tega," Dorika akasema, sauti ndogo.

"Hana mikono, anashusha mwanamume na kumpandisha. Hana miguu, leo kaamkia kwa mbuzi."

Dorika akaangua kilio, kilio cha kweli, cha makamasi. Akakimbilia ndani akatoka na karatasi yake ya mviringo.

"Usiende kwenye marefu! Baba, usiende! Hapa ndipo ulipo!" Akaweka kidole pale kahawia inapokutana na nyekundu. "Udongo umeisha. Hii nyekundu ni moto. Mwalimu kasema. Na njano iko huku, huku ndani, utaungua kabla hujaifikia!"

Gerald aliitazama karatasi, akamtazama mtoto, akacheka mpaka akashika mbavu.

"Acha kucheka," Bibi akamkatiza. "Mtoto kabeba mzigo tangu jana, wewe unacheka. Mfunga fundo ndiye anayejua kulifungua. Twendeni kwa mwalimu wake."

Walimkuta Mwalimu Janeth nyuma ya nyumba yake akifua.

"Shikamoo, mwalimu," Dorika akasema.

"Marahaba. Shikamoo, bibi. Jamani, kuna usalama?"

"Usalama upo, ila dunia yako imetutoa jasho," Bibi akasema, akamweleza.

Mwalimu akakausha mikono kwenye kanga, akaichukua karatasi. Hakucheka. Akamwuliza Gerald, "Duara lenu lina urefu gani?"

"Kama mnara wa simu, ukiupindua kichwa chini."

"Dorika, kosa ni langu. Ganda nililifanya nene ili uji upate pa kushika. Kwenye karatasi ndogo hivi, ganda lenyewe lilitakiwa liwe jembamba kama mstari wa penseli." Akachomoa sindano kwenye kola ya blauzi. "Shika. Kwaruza hapo juu kwenye kahawia, pole sana, usitoboe."

Dorika akakwaruza. Alama ilikuwa ndogo, ukiitafuta huioni.

"Umetoboa?"

"Hapana."

"Rangi imetoka?"

"Kidogo."

"Duara la baba yako halijafika hata hapo. Na hata yale mashimo marefu, hayajafika. Hakuna mtu duniani aliyelivuka ganda, wenye mitambo wamejaribu wakashindwa, itakuwa baba yako na nyundo?"

"Asante kwa kunivunjia heshima," Gerald akasema, na safari hii hata Dorika alicheka kidogo. "Lile joto, mwanangu, ni la jasho letu na hewa kuwa haba. Na njano tunayoitafuta imo kwenye mwamba huuhuu, punje, kama chumvi."

Dorika akaizungusha sindano vidoleni.

"Kama si moto," akauliza, "baba yake Alute aliuawa na nini?"

Alute alikuwa darasani kwao. Baba yake alitolewa shimoni masika yaliyopita amefunikwa shuka. Mwalimu akaanza kukamua nguo zilizokwisha kukamuliwa.

Gerald angeweza kusema hayo ni ya wakubwa. Akachuchumaa.

"Aliuawa na jiwe. Walikuwa na haraka, hawakugonga ukuta kusikiliza kama umelegea. Hilo ndilo la kuogopa, na mimi naliogopa. Ndiyo maana tunagonga, tunakagua, na kamba hailali ovyo. Ulipoificha, hukuniondolea moto. Uliniondolea kinachonirudisha nyumbani."

"Sitaificha tena."

"Najua. Lakini utakwenda kuwaambia wewe mwenyewe."

Asubuhi walikwenda watatu, Gerald na kamba begani, Bibi na fimbo yake, Dorika na sare ya shule. Alimwamkia Laurian, akamwamkia Miraji na wale wengine, halafu akasema yote akiyatazama mawe. Miraji akaisogeza kamba puani.

"Inanuka beberu! Huko chini tutaota mapembe." Akageuka kwa Gerald, uso umemshuka. "Ndugu yangu, jana nilisema ovyo. Yameisha?"

"Yameisha."

Laurian alikuwa anaipitisha kamba mikononi, shubiri kwa shubiri, anainusa, anaikunjua nyuzi. Wakaivuta wawili huku na wawili kule, visigino vimezama mchangani. Ikashika.

"Kamba ni nzima," akasema. "Gerald, nafasi yako ipo. Lakini tangu leo italala kwa Miraji."

Bibi alifungua mdomo, Gerald akamgusa mkono. "Ni haki," akasema.

Akaivuta peke yake, akaivuta tena, akajifunga. Miraji na wenzake wakaanza kumshusha, mpaka kofia yake ikapotea. Dorika akasogea.

"Mtoto hakai kwenye mdomo wa duara," Laurian akamwambia, bila ukali. "Nenda shule."

Akaenda, nyuma ya bibi. Walipofika kwenye mkonge alimsikia Miraji akiita, "Umefika?" na jibu halikusikika, mashine ya kusagia mawe ya jirani ilikuwa inanguruma. Dorika akasimama. Bibi naye akasimama, hakumvuta.

"Umefika?" Miraji akarudia.

"Nimefika! Leteni nyundo!"

Kengele ya shule ilikuwa imeshalia. Wakaongeza mwendo.