Mto Uliokuja Kuonwa

Jumatatu saa mbili na robo asubuhi, mlinzi wa kiwanda cha magari alikuwa akipuliza chai yake getini mto ulipofika. Haukuwa mto mkubwa. Upana wake ulikuwa kama wa kitanda cha watu wawili, na ulikuwa umetembea kilomita arobaini. Mlinzi aliweka kikombe chini, akaupitishia kile kioo chake cha kukagulia magari, hakuona cha kutia shaka, akafungua daftari la wageni. Jina: Mto. Unakotoka: nyuma ya kiwanda cha ngozi. Unayemtaka: mkaguzi wa mazingira. Sababu ya kuja: kuonwa. Ukatia sahihi, na kurasa tatu za chini zikalowa. Kwa kuwa haukuwa na kitambulisho uliacha jiwe dogo, ukapewa beji namba saba.

Dada wa mapokezi aliuambia usubiri. Ukajikunja kwenye kona, kati ya kochi na gari la maonyesho, ukasubiri. Wafanyakazi wakapandisha suruali, wakauvuka, wakaenda zao.

Mkaguzi alikuwa ghorofa ya kwanza. Kazi yake ilikuwa kuwazungukia wote wanaokiletea kiwanda vitu vya kuundia magari, wa vyuma, wa mpira, wa rangi, wa ngozi ya viti, na kuhakikisha hakuna anayeharibu ardhi wala maji. Hakuwa mtu mbaya. Alisalimia hata wafagizi, na salamu yake haikuwa ya juu juu. Ila siku aliyokwenda kiwanda cha ngozi alikuwa amevaa viatu vipya, na harufu iliwapokea mapema kuliko wenyeji. Dereva akapandisha vioo. Basi ukaguzi ukafanyika kwenye kiti cha nyuma, fomu ikiwa gotini. Swali la kumi na nne liliuliza: Je, mkaguzi ameuona mto? Akaandika: Ndiyo. Kuna kitu aliona, tena kupitia kioo cheusi, ambacho ukitazama kupitia kwacho kila kitu ni cheusi.

Alipopigiwa simu kwamba ana mgeni, alisema yuko kikaoni. Jumanne alipita mlango wa stoo. Jumatano pia.

Mto haukuwa na haraka. Asubuhi ulikuwa wa bluu, mchana ukageuka rangi ya damu ya mzee, jioni ukawa kama maziwa yaliyolala. Watu wa mauzo walishuka na vipande vya sampuli za ngozi, wakavilinganisha nao, wakakubaliana kwamba viti vya mwaka ujao vitapendeza. Aliyelalamika ni mfagizi peke yake, kwa sababu povu la mto liliacha alama kwenye vigae, na alama haikutoka kwa sabuni yoyote.

Alhamisi dada yake mkaguzi akapiga simu. Ndiye aliyemlea, na ndiye aliyekuwa akimvusha mto huohuo mgongoni kwenda shule, huku akimtishia kumwachia katikati.

"Mdogo wangu, eti mto wetu uko kazini kwenu?"

"Uko mapokezi."

"Umepewa hata kiti?"

"Umekaa chini, dada."

Dada alicheka. Kisha akaeleza kwamba huko kijijini kumebaki mchanga mtupu na bustani yake ya mboga imeinamisha shingo. Akagusia, kama jambo la pembeni, kwamba ngozi ya mikono imebanduka tena, kioo cha simu hakisikii tena vidole vyake, siku hizi anapokea kwa kifundo cha kidole.

"Ni mbaya, lakini ndio huohuo tulio nao," akasema. "Uhudumie, urudi."

Mkaguzi akaitoa fomu kwenye faili, akachukua na kichupa cha wino mweupe wa kufutia, akaenda kwa meneja wa ununuzi. Alisema yote: kwamba hakushuka garini, kwamba hakufungua hata kioo. Alikuwa amejiandaa kufukuzwa kazi, na mfukoni tayari alikuwa na funguo za dawati.

Meneja alimsikiliza vizuri. Nyuma yake, dirishani, magari mia moja yalikuwa yamepangwa uani yakisubiri uzinduzi wa Jumamosi, kila moja na jani dogo la kijani, alama ya gari lisiloharibu mazingira, limebandikwa kwenye buti. Jani lilisimama juu ya cheti cha mazingira, na cheti juu ya swali la kumi na nne.

"Kwani tatizo ni nini hasa?"

"Sikuuona mto, bosi."

"Si huo hapo chini? Nenda kauone."

Kwa hilo hakuwa amejiandaa. Akashuka.

Alisimama mbele ya mto kama dakika nne. Aliona povu, manyoya ya ng'ombe, samaki mmoja aliyelala ubavu. Aliliona lile jiwe bapa ambalo dada yake alikuwa akilikanyaga kwanza kabla ya kumvusha. Mto nao ukamwona. Kisha ukainuka, ukarudisha beji getini, ukapewa jiwe lake dogo, na saa kumi kasorobo ukatia sahihi ya kutoka. Mlinzi akaufungulia geti lote.

Juu, fomu ilikuwa wazi mezani. Ndiyo, ilisema, na sasa ilikuwa kweli. Hapakuwa na cha kufuta. Mkaguzi akakifunga kichupa kabla wino haujakauka, akarudisha funguo mahali pake. Jumamosi magari yakatoka na majani yao.

Jumapili dada akapiga. Mto umefika salama, alisema. Ila bomba la kiwanda cha ngozi halikufungwa hata siku moja ulipokuwa safarini, lilikuwa likimwaga kwenye mchanga mkavu, na mto umekuta uchafu wake unausubiri, kama mama aliyerudi akakuta vyombo vya wiki nzima.

"Ulipokuja kwako, uliuona lakini?"

"Niliuona, dada."

"Haya. Ngoja nikachote."

Alibonyeza kukata simu, lakini kioo hakikusikia kidole chake. Mkaguzi akabaki na simu sikioni, akisikiliza ndoo ikizama.