Mifuko ya Gauni la Shule

Mtoto wa marehemu kaka yangu ni kiziwi tangu kuzaliwa, na mimi shangazi yake ndiye niliyemwita Redio. Watu walinishangaa, kiziwi gani anaitwa Redio? Wangemwona akitoka shule wasingeuliza. Mikono ilianza kusema angali mlangoni: umbea wa darasa zima, mwalimu mkuu anavyotembea kama kakalia mwiba. Mimi nimeinamia cherehani, neno moja nalishika, manne yananipita.

Shuleni yeye na viziwi wenzake wachache walisoma darasa moja na wanaosikia. Mwalimu wa lugha ya alama alisimama mbele pamoja na mwalimu wa somo, na watoto wote wakawa wanaiga mikono yake. Binti wa Mama Pacha, jirani yetu, akawa shoga yake wa kufa na kuzikana. Walipiga soga uani kwangu bila sauti, kinachosikika ni vicheko tu.

Siku moja Mama Pacha alimpelekea binti yake sweta, akapita dirishani wanafundishwa kubalehe. Akamwona mwalimu wa alama anagusa kifua, anagusa tumbo, anashusha mkono chini ya kitovu. Akatoa simu, akarekodi, akatupia kwenye kundi la wazazi: "Tazameni wanachofundishwa watoto wetu." Wengine wakatia chumvi. Eti ni ishara za watu wachafu. Eti mtoto akikaa na viziwi, na yeye ulimi utakuwa mzito. Jamani, watu wazima na akili zao.

Nilimfuata mwalimu wa alama, akanieleza. Alikuwa anawaambia wasichana: ukivunja ungo utaona damu, usiogope, si ugonjwa wala aibu, mwambie mama, shangazi au mwalimu. Hilo tu. Nikaliandika kwenye kundi neno kwa neno. Nilijibiwa kidole gumba kimoja, na ile video ikaendelea kuzunguka.

Kikao cha wazazi kikaitwa ukumbini mwa shule, tukaenda na watoto. Mwalimu wa alama alieleza kwa upole. Kisha Redio, bila kutumwa na mtu, akaenda mbele akarudia somo lote kwa mikono yake, polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Moyo wangu ulijaa. Hapo nikamwona Mama Pacha anamfumba binti yake macho kwa kiganja. Redio naye aliona. Mikono yake ikasimama hewani, akaishusha.

"Kwa ajili ya amani," akasema mwalimu mkuu, somo lisimame, mwalimu wa alama ahamishwe, na viziwi wakasomee chumba cha nyuma kilichokuwa stoo. Nikamuuliza mbele za watu, amani ya nani? Akatazama saa yake.

Wiki hiyohiyo Redio aliniletea gauni lake la shule, akachora kwa chaki yangu mifuko miwili ubavuni. Nikafurahi, nikasema mtoto kaanza urembo. Nikamshonea mifuko mirefu, uzi mara mbili. Nilipokwenda kumchukua shuleni, nikakuta mikono yote miwili imezama humo, na njia nzima haikutoka. Nyumbani ilitoka kwa kula na kufua tu. Nilimwonyesha alama zangu za kubabaisha, za kula, za kulala, za nakupenda. Aliitikia kwa kichwa.

Miezi ikapita hivyo. Jana nilikuwa natandika kitanda chake. Chini ya godoro nikakuta mabaki ya vitambaa vya wateja wangu, yamekatwa vizuri, yamefuliwa, yamekunjwa, na madoa ya damu hayajatoka yote. Haikuwa mara yake ya kwanza, wala ya pili. Nilikaa pale kitandani nikalia. Mtoto alijua ni nini kinamtokea. Alijua hata wa kumwambia, aliufundisha ukumbi mzima kwa mikono yake mwenyewe. Na bado alijificha, na mimi nipo chumba cha pili nacharaza cherehani.

Aliporudi nilimketisha mbele yangu. Alama za kusema hayo sikuwa nazo, na mwalimu keshahamishwa. Nikatoa simu, nikaifungua video ya Mama Pacha, nikawa natazama na kuiga. Kifua. Tumbo. Mkono chini. Usiogope. Si aibu. Mwambie shangazi.

Redio alinitazama mikono mpaka mwisho. Kisha akainuka, akafunga mlango, akavuta pazia la dirisha ili watu wasinione.