Masanduku Sitini kutoka Kasenga

Gogo la kuzuia magari lilikuwa limekwisha kushushwa barabarani Symphorien Tshimanga alipofika, na lori lake lilikuwa la kwanza kusimama mbele yake asubuhi ile ya Ijumaa. Mvua ilikuwa imekoma kabla ya mapambazuko. Udongo mwekundu ulimeta, laini kama unga uliokandwa, na upande wa pili wa gogo barabara ya Élisabethville ilipotea katika msitu, kilometa tisini zikiwa bado.

Sheria ya msimu wa mvua ilikuwa fupi. Mvua ikinyesha, gogo hushuka. Udongo ukikauka, gogo huinuliwa. Gari dogo liliruhusiwa kupita. Lori lenye mzigo lilingoja, maana magurudumu yake yangechimba mifereji ambayo serikali ingelazimika kuifukia. Dereva aliyevuka kwa nguvu aliandikwa namba ya gari, na kabla ya juma kwisha alinyang'anywa kibali chake cha kuendesha.

Nyuma ya lori, chini ya turubai, yalikuwamo masanduku sitini ya samaki wabichi, yaliyopangwa kwa barafu na unga wa mbao. Samaki walikuwa wa mfanyabiashara mmoja Mgiriki wa Kasenga. Lori lilikuwa la Symphorien, au lingekuwa lake baada ya miezi kumi na tisa. Alikuwa ameendesha magari ya watu wengine kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kulinunua, likiwa limekwisha kutumika, kutoka kwa mwenye gereji mmoja wa mjini, kwa malipo ya faranga elfu tatu na mia tano kila mwezi. Mwezi uliopita na mwezi wa kabla yake hakulipa, kwanza kwa sababu ya ekseli, kisha kwa sababu ya homa. Mkataba ulisema wazi kwamba malipo yakikosekana mara ya tatu, lori litarudi gerejini, na fedha zote zilizokwisha kulipwa zitahesabiwa kuwa kodi. Siku ya mwisho ilikuwa kesho, Jumamosi, saa sita mchana.

Kwa kila sanduku litakalopokewa sokoni, Mgiriki angelipa faranga sitini za usafirishaji. Kwa kila sanduku litakalooza au kukosekana, Symphorien angekatwa mia na hamsini. Mfukoni alikuwa na mia saba.

Alishuka, akavua kofia, akamwendea mlinzi wa gogo, mwanaume mwembamba aliyeketi kwenye kiti cha mbao kando ya kibanda chake.

"Baba Mwaba, njia itafunguka saa ngapi?"

"Uulize jua. Kama mvua hairudie, kesho asubuhi. Leo hapana."

"Niko na masamaki."

"Naona. Kamyo yako iko inalia machozi."

Ilikuwa kweli. Maji yalidondoka kutoka ubaoni, tone baada ya tone, na chini ya lori kijito chembamba kilikuwa kimeanza kutafuta njia yake. Gari dogo jeupe la mtumishi mmoja wa serikali lilifika kutoka nyuma. Mwaba akasimama, akainua gogo, akasalimu, akalishusha tena. Symphorien alilitazama gari likienda, huku likiteleza kidogo na kunyooka. Mkono wake uligusa funguo mfukoni, ukaziacha.

Hapo ndipo mlango wa pili wa lori ulipofunguka na Mama Albertine akashuka. Alikuwa mchuuzi wa samaki, mzaliwa wa Kasenga aliyehamia mjini katika mtaa uitwao Kenya, mwenye umri wa miaka hamsini hivi, naye alikuwa amelipa nauli yake na ya vikapu vyake viwili.

"Shofa, usimubembeleze huyu," alisema. "Ni Mamba. Mamba hana masikio, iko na tumbo tu."

Symphorien alishtuka. Lakini Mwaba hakuinua hata nyusi.

"Ah, ni Samaki anaongea? Nilisikia harufu tangu kilometa mbili, nikazani ni kamyo."

"Harufu ni ya kinywa yako. Ulikula muntu gani leo?"

"Bado. Nilikuwa nangojea weye."

Mwaba alikuwa wa ukoo wa Mamba, Albertine wa ukoo wa Samaki, na katika bonde la Luapula koo hizo mbili ni watani tangu zamani. Mtani humtukana mtani mwenzake hata msibani, naye huchukua mali yake mbele ya macho yake. Mwenye mali hana ruhusa ya kukasirika, ila atalipiza siku yake ikifika. Symphorien alikuwa amesikia habari hizo. Lakini yeye alitoka Kasai, alisoma miaka sita misioni, na fahari yake kubwa ilikuwa kwamba hakuna mtu aliyewahi kumdai deni dogo bila kulipwa kabla ya jua kuzama.

Albertine alipanda nyuma ya lori, akafunua turubai, akatia mkono katika masanduku matatu, moja moja.

"Barafu hii ni ya masanduku makumi ine," alisema. "Ukiigawanya kwa sitini, kesho utakuwa na sitini ya kutupa. Toa makumi mbili. Barafu yao uipatie ingine. Ile makumi mbili tunaikausha kwa moshi, hapa, leo."

"Si samaki zangu, mama."

"Zikioza zitakuwa zako."

Symphorien alifikiri kwa muda mfupi kuliko alivyozoea kufikiri. Samaki wa moshi wangeuzika, na fedha zake zingelipa deni la Mgiriki. Masanduku arobaini yangeleta faranga elfu mbili na mia nne. Pamoja na mia saba na faida kidogo ya moshi, hesabu ilifika kwenye elfu tatu na mia tano, ikapita kidogo. Alianza kuteremsha masanduku.

Kuni za kufaa zilikuwa mahali pamoja tu: rundo refu nyuma ya kibanda cha Mwaba, kuni kavu zilizofunikwa kwa nyasi, alizozikata kwa miezi miwili ili kuziuza mjini. Albertine alilivua rundo nyasi kana kwamba ni lake.

"We mwizi," alisema Mwaba kutoka kitini.

"Mamba anakaa mu maji. Kuni ni ya nini kwako?"

"Nitakuya Kenya kwako. Nitabeba sufuria zote, na bwana yako juu."

"Bwana ubebe leo. Sufuria uniachie."

Wanawake wa kijiji cha karibu walikuwa wamekwisha kufika, wamevutwa na kelele, na walicheka. Kwa ahadi ya masanduku mawili ya samaki walikubali kupasua, kuosha na kufuma vichanja vya miti mibichi. Moto wa kwanza uliwaka saa tatu na nusu. Moshi ulipanda. Kwa mara ya kwanza tangu alfajiri Symphorien alivuta pumzi hadi mwisho.

Ndipo alipofanya kosa lake. Alimtazama Mwaba akizitazama kuni zake zikienda mzigo kwa mzigo, na moyo wake haukutulia. Akatoa noti ya faranga mia mbili, akamwendea mbele ya wanawake wote, akaiweka juu ya goti lake.

"Baba, hii ni ya kuni yako. Mi sipendi kukula jasho ya muntu."

Kicheko kilikatika. Mwaba aliitazama noti bila kuigusa. Kisha alisimama, nayo ikaanguka matopeni.

"Nani alikuambia mi nauzisha?"

"Baba, ni heshima tu—"

"Mi niko mulinzi wa Leta, wa serikali. Shofa anafika ku bariyeri, ananipatia franga mbele ya bantu. Wataandika nini? Watasema Mwaba alikula." Alichukua panga lake, akaenda kusimama mbele ya rundo. "Hakuna kuni hapa. Muzime moto."

Wanawake waliweka visu chini. Hakuna aliyeiokota noti ile, wala Symphorien mwenyewe hakuthubutu. Alijaribu kueleza, Mwaba akamgeuzia mgongo. Akaomba radhi, naye akapapasa ncha ya panga kwa kidole. Jua lilitoka kati ya mawingu, jua ambalo asubuhi yote alikuwa akiliomba kwa ajili ya barabara, likaanza kulipiga turubai. Kijito chini ya lori kilipanuka. Saa nne ikapita, na saa tano. Samaki waliokuwa wamekwisha kupasuliwa walianza kuvuta nzi, naye akasimama akiwapunga kwa kofia yake, mtu mzima.

Albertine alikuwa ameketi kando akimwacha Mwaba apoe. Saa tano na nusu aliinuka, akaingia katika kibanda bila kubisha, akatoka na sufuria ya bukari, ugali wa kwao. Akakaa kwenye kiti cha Mwaba, akaanza kula.

"Haina chumvi," alisema. "Bibi yako alikukimbia ju ya hii?"

Akamega tonge jingine.

"Huyu mutoto wa Kasai hana mutani. Kwao walimufundisha kulipa tu, sawa vile duka. Utakasirikia mugeni? Mi ndiye niliiba kuni. Unitukane mi, ama umeogopa?"

Alikula matonge mengine mawili, kwa utulivu, akitazama barabara. Mwaba alikuwa bado ameshika panga.

"Hakunikimbia ju ya chumvi," alisema mwishowe. "Ulipita hapa siku moja. Aliona sura yako, akakimbia."

Mwanamke mmoja alicheka, kisha wote. Albertine, bila kugeuka, alimwambia Symphorien kwa sauti ya chini, "Okota franga yako. Na ufunge kinywa." Symphorien aliinama, akaitoa noti matopeni, akaifuta kwenye suruali yake. Moto ukawashwa upya.

Lakini saa mbili zilikuwa zimekwenda na barafu. Walipopanga upya masanduku, iliyobaki ilitosha thelathini na manne tu. Samaki wa masanduku sita walikuwa na matamvua ya kijivu, hata moshi haukuwataka, nao wakamwagwa shimoni. Sita kwa mia na hamsini, na sitini za usafirishaji juu ya kila moja: Symphorien aliijua jumla kabla shimo halijafukiwa.

Gogo liliinuliwa Jumamosi saa moja asubuhi. Symphorien hakumshukuru Mwaba, alikuwa amekatazwa na Albertine. Aliendesha kwa gia ya pili, vidole vikiuma usukani, Albertine akisinzia kando yake, na saa nne na robo alisimama sokoni. Mkaguzi alifungua matamvua, akakubali yote thelathini na manne. Vikapu kumi na viwili vya samaki wa moshi vilinunuliwa na wachuuzi ambao Albertine aliwaita kwa majina, bila kuwapa nafasi ya kupunguza bei sana. Karani wa Mgiriki akakata deni la masanduku ishirini na sita. Baada ya kila kitu, pamoja na zile za mfukoni, Symphorien alikuwa na faranga elfu mbili, mia sita na themanini.

Zilipungua mia nane na ishirini. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini.

Alphonse, dereva mwenzake wa njia ya Pweto, alikuwa akipakia chumvi upande wa pili wa soko. Symphorien alimwonyesha gurudumu la akiba lililofungwa chini ya bodi.

"Utanipa ngapi?"

"Unacheza?" Alphonse aliinama kulitazama. "Kasenga bila gurudumu ya akiba? Ikipasuka, utaweka kichwa yako?"

"Ngapi?"

"Mia nane."

"Mia tisa."

Alphonse alimtazama usoni, akaacha mzaha. Alihesabu mia tisa.

Mtunza hesabu wa gereji alizipanga noti mezani mara mbili. Aliigeuza ile yenye madoa mekundu, akaikwaruza kwa kucha, akaiweka pamoja na nyingine. Ilikuwa saa sita kasoro dakika saba alipogonga mhuri.

"Mwezi ujao, tarehe ile ile," alisema, na kumsogezea risiti.

Symphorien alitoka na faranga themanini na funguo zake. Jumatatu Mgiriki alikuwa na mzigo mwingine. Mawingu yalikuwa yakijikusanya tena upande wa Luano, nje ya mji. Alipiga magoti kando ya lori, akaanza kupitisha kiganja juu ya kila gurudumu, polepole, akitafuta kwa vidole kile ambacho macho hayakioni. La tano, la nyuma kushoto, lilikuwa na mkato mfupi. Alikiacha kidole chake hapo, akipima kina cha mkato.