Yoiki ya Sunna

Hata mbwa wa nyumba ile alikuwa na yoiki yake. Bibi Ravdna ndiye aliyemtungia, kama alivyowatungia wanawe, wajukuu, jirani mwenye meno ya dhahabu, na kulungu mmoja kilema, wale wa theluji wanaofugwa kama ng'ombe, aliyekwisha kufa zamani. Kwa watu wa kijiji kile yoiki si wimbo wa kumsifu mtu. Ni mtu mwenyewe, mwendo wake na vituko vyake, katiwa sauti. Nayo hujitungii. Unapewa na anayekupenda, na ukikosa wa kukupa, unakaa bila.

Sunna alikaa bila. Alitoka pwani, kwa watu waliokatazwa yoiki kanisani na shuleni mpaka wakaisahau, akaja kuolewa Kautokeino, kijiji cha wafuga kulungu kaskazini ya mbali, na Ailu, mwana wa Ravdna. Miaka minane alichunga kulungu na mama mkwe wake, akachuna ngozi naye, wakanywa kahawa ya birika moja, na yoiki hakuna. Ilimuuma, tena sana.

Basi majira yale ya baridi, akiosha vyombo, akajitungia. Ilikuwa yoiki ya mwanamke mrefu, mtulivu, apitaye kwenye theluji bila kuacha alama. Sunna mwenyewe ni mfupi, na mlango asioubamiza haujatengenezwa bado. Akairudia, akanogewa nayo, akageuka, na mlangoni kasimama mama mkwe na ndoo yake.

Kujipigia yoiki, kwa watu wale, ni sawa na kujiamkia shikamoo kisha ukajiitikia marahaba. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Uso wa Sunna uliwaka moto.

"Huyo ni nani?" Ravdna aliuliza.

"Nani, mama?"

"Huyo aliyekuwa anapita hapa sasa hivi. Mrefu."

"Hakuna mtu."

"Haya. Nilidhani tuna mgeni, nikataka kuongeza maji kwenye kahawa."

Akatua ndoo, akaenda zake. Tangu siku hiyo Sunna hakuwa na raha, maana ulimi wa Ravdna ulijulikana: ukikupata na kosa, kijiji kizima kitalisikia.

Ikafika Pasaka. Kulungu walishindana mbio juu ya ziwa lililoganda, watu wakaozesha, pikipiki za theluji zikanguruma kutwa, na jioni wote wakajaa ukumbini kwenye shindano la yoiki. Kila mwaka Ravdna alipanda jukwaani na yoiki ya marehemu mumewe, na kila mwaka watu walifuta machozi.

"Na leo ni marehemu, bibi?" mtangazaji aliuliza.

"Marehemu apumzike, nimemchosha. Huyu yu hai. Jina nitalitaja mwisho."

Akafumba macho, akaanza. Ilikuwa ile ile ya jikoni.

"Twende nyumbani," akamvuta Ailu mkono.

"Una wazimu? Mama ndio kwanza anaanza!"

Yule mwanamke mrefu akapiga hatua zake tatu za madaha, kisha akajikwaa. Sauti ikaporomoka, ikainuka, ikakimbia vihatua vifupi vifupi, ikarudi kufuata kitu ilichosahau. Ravdna akapiga mguu chini, pwaa, mlango huo! Halafu sauti ikashuka, ikawa nzito, ikabeba kitu ikakataa kukitua, na Sunna akaijua asubuhi ile ya tufani alipombeba ndama kifuani mpaka nyumbani, akikataa kusaidiwa.

"Lo! Si Sunna wa Ailu huyo?" mzee mmoja akasema nyuma yake.

"Ndiye! Sikia anavyobamiza!"

Safu nzima ikacheka, ikageuka kumtazama. Jina halikuwa limetajwa bado. Sunna akalia kama mtoto, wala hakujificha.

Ushindi ulikwenda kwa kijana mmoja, Ailu akanuna. Ravdna hakujali, alikuwa nje, anakunywa mchuzi wa kulungu. Sunna akamwendea.

"Mama, ule mwanzo ulikuwa wangu."

"Wako kwa lipi? Nimeuokota jikoni, umetupwa kwenye povu. Yule mrefu wako hana kosa hata moja, mwanangu. Nani angeweza kuishi naye?"

"Miaka minane. Kwa nini hukunipa?"

Bibi akashusha kikombe. "Niliogopa. Watu wenu waliporwa yoiki zao. Nikasema, nikikosea ya huyu, nami nitakuwa nimempora. Nikawa nakusikiliza. Nikipata kipande tu, unabamiza mlango, kinapotea." Akamfuta shavu kwa mkono wenye mafuta ya mchuzi. "Sasa imetimia. Ila usijipigie tena. Ukiitaka, niite."

Kesho yake, Sunna akiwa kwenye vyombo vyake, yoiki ikamjia kooni. Akaimeza. Akakausha mikono, akatoka, mlango ukalia nyuma yake.

"Mama!" akaita.

Zizini, katikati ya kulungu, Bibi Ravdna hakuuliza anaitiwa nini. Akaanza kuimba.