Walioshinda Wakakataa

Kabla ya kurudi chuoni, Deodata alibakiza mkutano mmoja tu, wa kitongoji kimoja cha Mugoma. Akaja na mwanawe Nimpaye mgongoni, roho juu. Dokta Rwekaza, msimamizi wa utafiti wake wa sheria ya katiba, alishamwambia bila kumung'unya: "Unadai wengi wanaweza kujizuia wenyewe, bila mahakama kuwashika shati. Nionyeshe hata mara moja. La sivyo, badilisha mada."

Kote alikopita, wengi walishinda, wakapiga makofi, wakaenda zao.

Leo lilijadiliwa bomba la maji: liwekwe juu shuleni au chini bondeni? Diane, muuza ndizi mwenye sauti ya kuamsha kijiji, aliipigania shule mpaka jasho likamtoka. Mikono ikanyooshwa. Shule ikashinda.

"Imepita!" akatangaza Erasmus, mwenyekiti aliyekalia kiti juzijuzi.

"Imepita wapi?" Alikuwa Diane huyohuyo. "Watu wa bondeni mbona siwaoni?"

"Wako kwa Hategekimana. Mama yake kazikwa jana."

"Ukaitisha mkutano watu wana matanga?"

"Akidi imetimia, dada."

"Hiyo akidi yako ilichimba kaburi?"

Watu wakaangua kicheko, kisha manung'uniko yakapanda. Aliyefiwa hashiki jembe. Leo ndiyo apokonywe maji akiwa amekaa mkekani?

"Lakini Diane, umeshinda!" Erasmus akalalama.

"Nitashinda tena matanga yakiisha. Mtu namshinda akiwa amesimama, bwana!"

Ikabidi ipigwe kura ya kufuta kura. Mikono ilisimama kama shamba la mahindi, wa Diane ukiwa mbele.

Deodata akaruka juu. "Wamejizuia! Jamani, wamejizuia!"

Nimpaye akaamka analia. "Mama Nimpaye, umeumwa na siafu?" mtu akamtania.

Deodata alishapanda mbio kilimani kutafuta mtandao ampigie Dokta Rwekaza.

"Shikamoo mwalimu! Wamekataa ushindi wao! Nimewaona kwa macho yangu!"

"Nani kawalazimisha?"

"Hakuna!"

"Mtendaji? Hakimu?"

"Hakuna, mwalimu! Muuza ndizi kaanzisha, wakamfuata!"

Deodata akasikia kiti kikisogezwa.

"Marahaba," akasema Dokta, kama aliyekumbuka salamu sasa hivi. "Usirudi chuoni. Kaa hukohuko mpaka wapige kura tena."

Deodata akakaza kanga, akambusu Nimpaye kidole, akateremka bondeni kuhani msiba.